Jemadari Mstaafu na Mpwa Wake: Mwongozo Kamili wa Kuandika Mzee wa Vita na Kijana Mwenye Hasira katika Riwaya ya Kifantasia

Mzee aliyewahi kuongoza majeshi na kijana wa ukoo wake aliyejaa hasira ni wahusika wanaopendwa sana na wasomaji wa riwaya za kifantasia, na pia ni wahusika wanaoharibika upesi mikononi mwa mwandishi. Huharibika kwa sababu mwandishi humpa mzee hekima yote tangu ukurasa wa kwanza, humpa kijana makosa yote, kisha hukaa pembeni kusubiri hekima ihame kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kinachopatikana hapo ni mawaidha yaliyofungwa upanga kiunoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa Unguja au Pemba anayetaka kuwasimamisha watu hawa wawili kwa Kiswahili na katika mazingira ya visiwani, na msimamo wangu tangu mwanzo hadi mwisho ni huu: jemadari lazima awe na deni kwa kijana yule yule anayemlea, na deni hilo ndilo liamue atasema nini, atanyamaza lini na atakosea wapi.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Mzee ataitwa Jemadari Shaame. Kijana ataitwa Kombo. Kisiwa chao hakimo katika ramani yoyote, lakini kina vijito vya mikoko kama ile ya pwani ya magharibi ya Pemba, kina mikarafuu, na kina upepo wa kusi na wa kaskazi unaoamua nani anaweza kusafiri na lini. Ni kweli kwamba mikarafuu haikufika visiwani kwetu mpaka karne ya 19, lakini ulimwengu wa kubuni haudaiwi tarehe hiyo; unadaiwa tu usijipinge wenyewe.

Hatua ya kwanza: amua nasaba kabla ya kuamua vita

Waandishi wengi huanza na ramani, falme na silaha, wakaja kukumbuka mwishoni kwamba mzee na kijana ni ndugu. Anza na undugu. Ukishataja kwamba mzee ni ami au ni mjomba, msomaji wa Zanzibar ameshajua nani ana haki ya kumkemea nani, nani humtania nani, na nani anaweza kurithi nini, na yote hayo umeyapata bila kuandika sentensi moja ya maelezo.

Ami husimama mahali pa baba. Ndiye anayeweza kuwa walii wa binti wa marehemu kaka yake, ndiye anayeulizwa habari za shamba, na katika mirathi ya Kiislamu yumo miongoni mwa asaba, yaani wale wanaochukua kilichobaki baada ya wenye mafungu yao kupewa haki zao. Lakini mtoto wa kiume wa marehemu akiwapo, ami hapati kitu. Tazama jambo hilo kwa jicho la mtunzi: kila nasaha ya ami kwa kijana wa kiume inaweza kutiliwa shaka, kwa kuwa uhai wa kijana ndio unaomzuia ami asirithi. Kwa hiyo, ukitaka riwaya ya kugombea kiti, mchague ami. Historia yetu wenyewe imejaa mvutano wa aina hiyo. Baada ya Seyyid Said kufariki mwaka 1856, wanawe wanne, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walitawala Zanzibar kwa zamu hadi mwaka 1893, ndipo kiti kikaenda kwa Hamed bin Thuwaini, mtoto wa ndugu yao. Hamed alipofariki mwaka 1896, Khalid, mtoto wa Barghash, aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti kasri likapigwa mizinga katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Ami na watoto wa ndugu wote walikuwa wakikitazama kiti kimoja.

Mjomba ni habari nyingine. Yeye ni damu ya mama, hana fungu katika mali ya shemeji yake, na kwa sababu hiyo maneno yake hayanuki tamaa. Anaweza kumpokea kijana aliyefukuzwa na baba yake bila kuonekana anajenga kambi ya uasi, ijapokuwa baba mwenye wasiwasi ataliona hilo kwa namna yake. Katika mfano wetu Shaame ni mjomba: dada yake ameolewa na mtawala, na Kombo ni mtoto wa ndoa hiyo. Babu naye ana njia ambayo mjomba hana, nayo ni utani; huweza kumwambia mjukuu neno zito kabisa akiwa amelivisha mzaha, na mjukuu akacheka kwanza, akaja kuumia baadaye. Na kama jemadari wako ni mwanamke, usione haya, kwani Unguja ilikuwa chini ya Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17, na shangazi anayemkaripia mtoto wa kaka yake hana haja ya cheo ili asikilizwe.

Lipo jambo dogo la mazungumzo ambalo lina faida kubwa kuliko ukubwa wake. Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile la undugu analoitwa yeye: mjomba humwita mpwa wake "mjomba", bibi humwita mjukuu wake "bibi". Basi Shaame na Kombo waitane "mjomba" riwaya nzima. Siku Shaame atakapomwita kijana kwa jina lake, "Kombo", msomaji atajua kwamba pamekatika kitu, na hutahitaji kuandika kwamba mzee alikasirika. Litumie tukio hilo mara moja tu, au mbili ukizidisha.

Hatua ya pili: mjengee jemadari deni

Jemadari aliyeshinda vita vyote hana la kumwambia mtu aliyeshindwa. Hata jemadari aliyeshindwa kwa heshima hatoshi, kwa sababu huzuni yake ni ya kwake peke yake na kijana hana sehemu ndani yake. Linalotakiwa ni kosa la zamani ambalo hasara yake imemwangukia kijana huyu, na ambalo kijana halijui au analijua kinyume.

Tulijenge kutokana na maji, kwa kuwa sisi ni watu wa visiwa. Visiwani maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvu, wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa alfajiri na kupwa kabla ya adhuhuri. Mvuvi yeyote anajua hivyo, na jemadari wa majahazi anajua zaidi. Sasa mtawala, shemeji yake Shaame, anaamuru jeshi lishushwe baada ya alfajiri ndani ya kijito cha adui. Shaame anasema mara moja kwamba mwezi ni mpevu na maji yameshaanza kurudi. Anakatizwa. Anatii. Kufika saa nne asubuhi majahazi yamelala ubavu juu ya tope, mikoko imewazunguka pande zote, na adui hana haja hata ya kuharakisha. Miongoni mwa waliokufa ni kaka mkubwa wa Kombo. Nyumbani mtawala anatangaza kwamba kijana yule aliikimbia safu yake, na kwamba kukimbia kwake ndiko kulikoleta maafa. Shaame anajua kwamba hilo ni uongo, na hasemi kitu. Anarudisha upanga na kwenda kuishi shamba.

Zingatia kwamba kosa la Shaame halikuwa ujinga. Lilikuwa utii, na baada ya utii likafuata kimya. Kosa la ujinga husameheka upesi na riwaya ikaishiwa na nguvu. Kosa la mtu aliyejua hudumu. Vilevile limepakana na kile anachotaka kumfundisha kijana. Mzee anayetaka kumfunza mpwa wake kutotii upumbavu atalazimika siku moja kujibu ni lini yeye mwenyewe aliuasi upumbavu.

Kwa upande wa mtawala, tafuta sura yake katika simulizi zetu kabla ya kuazima wafalme wa theluji. Magofu ya Pujini, Pemba, yenye kuta na mahandaki, yanahusishwa na Mkama Ndume, ambaye masimulizi yanamtaja kwa ukatili, hata inasimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakijiburura kwa makalio. Mtawala wa aina hiyo hahitaji jini wa kumsaidia. Anahitaji tu majemadari wanaotii. Usimchukue Mkama Ndume mzima mzima. Jifunze namna simulizi inavyomtambulisha dhalimu kwa amri moja ya kipuuzi isiyosahaulika, kisha mbunie mtawala wako amri yake.

Kabla ya kuendelea, andika deni hilo katika aya moja kwa ajili yako mwenyewe: nani alikufa, nani alisema uongo, nani anajua, na ni kitu gani kinachoshikika kimebaki. Kitu hicho ni muhimu. Iwe jambia la kaka yake Kombo, ambalo Shaame amelificha katika dari, likiwa bado na tope kwenye ala.

Hatua ya tatu: mstaafishe kwa kazi

Jemadari mstaafu asiyefanya lolote isipokuwa kukaa barazani na kunywa kahawa chungu huchosha haraka. Mpe kazi yenye msimu, yenye mikono na yenye hatari ya kuharibika, ili mazungumzo yake na kijana yapitie ndani ya kazi hiyo. Kwa mwandishi wa Pemba sioni iliyo bora kuliko karafuu. Huchumwa kwa vishada kabla ua halijafunguka, na mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi yanayovunjika kwa wepesi. Jioni watu hukaa kitako kuchambua, yaani kukibana kishada kwenye kiganja mpaka karafuu zitengane na makonyo. Kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, hadi zigeuke kutoka kijani chenye wekundu kuwa kahawia iliyokoza. Zikirundikwa mbichi huharibika. Mvua ikitishia, kila aliye karibu, awe bwana au kibarua, hukimbilia kuanua.

Sasa angalia mandhari unayoipata. Mzee na kijana wamefikia pahala pabaya katika ugomvi wao. Kijana ametamka neno ambalo halirudi. Wingu linakuja kutoka baharini. Hakuna anayeweza kuondoka kwa ghadhabu, maana majamvi yako nje. Wanaanua pamoja bila kusemezana, mmoja ameshika pembe hii ya jamvi na mwingine ile, na hatua zao lazima zilingane ama karafuu zimwagike. Ugomvi haujamalizika, lakini miili yao imeshafanya jambo ambalo ndimi zao zingelikataa. Mandhari moja ya namna hii hufanya kazi ya sura nzima ya nasaha.

Kazi hiyo hiyo inaweza kukupa mgogoro mkubwa wa riwaya. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo Pemba ndiyo ikawa na sehemu kubwa ya zao hilo. Chukua kanuni hiyo: kisiwa ambacho jemadari amekichagua kwa kuwa hakimshughulishi mtu yeyote, kinageuka katika usiku mmoja wa upepo kuwa ndicho chenye mali. Vita alivyovikimbia vinamfuata mlangoni kwake.

Hatua ya nne: ipe hasira ya kijana anwani

"Kijana mwenye hasira" bado si mhusika. Hasira lazima iwe na mtu, mahali na siku. Kombo amefukuzwa kasri kwa kuwa alimtetea kaka yake mbele ya baraza, na mama yake alipofariki hakuitwa kuja kulichukua jeneza. Alizipata habari wiki ya pili kutoka kwa mchuuzi wa samaki. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kutoka hapo anachokitaka Kombo kinajulikana wazi: anataka kuingia tena kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakimwona. Kila upuuzi atakaoufanya uelekee kwenye mlango huo.

Usimfanye mbaya bila sababu wala mwema aliyejificha. Awe na ustadi wa kweli ambao mzee hana. Kama Shaame anajua maji, basi Kombo ajue kasri: nani hulala wapi, askari gani ana deni la mahari, mpishi yupi hasikii vizuri. Mzee atamhitaji kwa hilo, na uhusiano ambao kila mmoja anamhitaji mwenzake huwa na uhai kuliko ule wa mmoja kutoa na mwingine kupokea.

Ukitaka kipimo cha jinsi kijana kama huyu anavyoweza kugeuka, kitazame kisa cha Barghash. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alirudi, akasubiri, na mwaka 1870 akakikalia kiti bila kupigana. Katika utawala wake maji safi yaliletwa mjini kwa mifereji na Beit al-Ajaib ikajengwa. Kinachomfaa mtunzi hapo ni ile miaka iliyo kati ya uasi na kiti, ambayo historia huipita kwa sentensi moja. Riwaya yako yote inaweza kukaa ndani ya sentensi hiyo.

Hatua ya tano: funga ajabu na deni

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu waandishi wa fantasia hawahitaji kuhimizwa kubuni maajabu, huhitaji kuzuiwa. Chagua ajabu moja yenye gharama, na gharama ifanane na kisa. Katika mfano wetu, watu wa ukoo wa Shaame wanaweza kukopa nguvu baharini wakati maji yanapojaa, lakini lazima wazirudishe kabla hayajapwa. Asiyezirudisha, bahari hujilipa kwa mtu wake wa karibu. Mara moja msomaji atajiuliza juu ya ile alfajiri ya kwenye tope: je, Shaame alikopa? Swali hilo liache wazi mpaka katikati ya riwaya.

Jihadhari na jambo moja. Pemba inasifika kwa uganga, na yapo mapango, mizimu na vilinge ambavyo watu waliopo leo wanavihusu na vinawahusu. Usichukue ibada ya mtu aliye hai ukaigeuza kichekesho au silaha ya mhusika mbaya. Buni ya kwako, iote mizizi katika upepo, maji, mwezi na miti ya hapa.

Hatua ya sita: mpe mzee kauli yake

Hapa ndipo wengi huanguka. Soma kwanza mfano wa kauli mbaya:

"Kombo, hasira ni adui wa mwenye nayo. Shujaa wa kweli ni yule anayeishinda nafsi yake kabla ya kumshinda adui."

Maneno haya hayana kosa la sarufi, na hakuna mtu wa Wete wala wa Makunduchi atakayeyabisha. Tatizo ni kwamba yanaweza kusemwa na mzee yeyote kwa kijana yeyote katika kisiwa chochote. Sasa soma haya:

"Leo naondoka, mjomba. Usinizuie."

"Kakuzuia nani? Maji yanapwa. Dau limeshakaa juu ya tope."

"Nitalisukuma."

Shaame alikuwa na kishada mkononi. Kiganja kilisimama, kishada hakikubanwa. "Tope lile halisukumiki," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Kisha akaendelea kuchambua. "Ukishindwa, rudi. Jamvi la pili halijaanuliwa."

Katika mfano wa pili mzee hajafundisha kitu. Ametaja maji, dau, tope na jamvi. Lakini neno "tope" limegusa lile deni, na mkono umesimama kabla ya ulimi. Msomaji anayelijua deni ataona. Asiyelijua bado ataweka alama akilini. Kanuni ya kazi ni kwamba mzee azungumzie kitu kilichopo mbele yao, na uzito utoke kwenye kile asichokisema.

Methali zinahitaji uangalifu wa peke yake. Jemadari anayemwaga methali kila anapofungua kinywa hugeuka kuwa khanga. Katika mazungumzo yetu ya kila siku mzee mara nyingi hutamka nusu ya kwanza tu, akamwachia msikilizaji nusu ya pili. "Mchelea mwana kulia..." anasema Shaame, ananyamaza. Kijana ana njia kadhaa mbele yake: aimalizie kwa heshima, akatae kuimalizia, au aimalizie kwa kuipotosha ili amuumize mzee. Katika njia hizo tatu umepata hatua tatu za tabia yake, na unaweza kuitumia methali hiyo hiyo mwanzoni, katikati na karibu na mwisho wa riwaya, kila mara jibu likiwa tofauti. Zile methali za kuonya moja kwa moja, kama "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", mpe jirani mwenye kiherehere. Zitamfaa, na zitamwokoa jemadari wako.

Hatua ya saba: panga mafunzo kwa kushindwa

Usiandike orodha ya mafunzo ambayo kijana anayafaulu moja baada ya jingine. Panga mafunzo ambayo kila moja linaharibika kwa namna mpya, na angalau moja liharibike kwa kosa la mzee. Mathalani, Shaame anamfundisha Kombo kusoma maji na anamkataza kabisa kukaribia kijito fulani bila kumpa sababu. Sababu ni deni lake. Kijana anaona ni dharau, na kwa hiyo anakwenda.

Mchezo wa bao utakujia akilini upesi, na una haki ya kuwamo, lakini wengi huutumia ovyo kwa kumfanya mzee aeleze kwamba bao ni kama vita. Usieleze. Ijue kwanza kanuni ya mchezo: katika bao la kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, kula si hiari. Mwenye nafasi ya kula lazima ale, hata kama kula huko kutamharibia mpango wake. Kwa hiyo mchezaji mjanja humlisha mwenzake. Andika mchezo ambamo Kombo anakula, anafurahi, anakula tena, watu wa barazani wanaanza kunyamaza mmoja mmoja, na yeye peke yake hajaona kwamba kila anapokula anazipeleka kete zake kule Shaame anakokutaka. Akishafungwa, mzee aseme tu, "Tupange tena." Sura kadhaa mbele, baba yake Kombo atakapompelekea zawadi ya kwanza kutoka kasri, na ya pili, na ya tatu, hutakuwa na haja ya kulitaja bao.

Hatua ya nane: acha kijana asaliti

Usaliti ndio mhimili wa uhusiano huu, na tuna kielelezo chake katika simulizi za pwani. Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumdhuru, aliuawa na mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa kuozwa binti wa mtawala. Alimchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Mambo mawili yanafaa kuigwa. La kwanza ni kwamba siri ya pahala pa kudhurika aliipata kwa Liyongo mwenyewe, kwa kuulizwa na mwana. La pili ni kwamba Liyongo alishuku nia ya mwanawe na bado alimjibu. Mzee aliyedanganywa kabisa ni mhanga tu. Mzee anayeona na akatoa siri ni baba.

Kwa Shaame na Kombo, baba mtawala anatuma ujumbe: jambia la kaka yako limo katika dari ya mjomba wako, muulize limefikaje. Kombo anapanda darini, analikuta. Kwa mara ya kwanza kasri limemwambia ukweli, ingawa ni nusu yake, na mjomba ndiye aliyeficha. Anapoondoka usiku kwenda kumtoa mjomba wake kwa askari, msomaji asiwe na uhakika kwamba anakosea. Hapo ndipo utajua kama deni la hatua ya pili ulilijenga sawasawa. Kama msomaji anamlaumu Kombo moja kwa moja, rudi nyuma ukalizidishe kosa la mzee.

Hatua ya tisa: radhi

Kusameheana kwa kukumbatiana na kulia ni njia ya mkato. Visiwani tuna kitu kizito zaidi, nacho ni radhi. Mdogo huomba radhi kwa mkubwa, na radhi ya mkubwa ikikosekana mtu huamini kwamba mambo yake hayatafunguka. Utaratibu wa kawaida unamtaka Kombo ajishushe mbele ya Shaame. Basi anzia hapo, uache utaratibu ugongane na deni: Kombo anafika, anapiga magoti, anaushika mkono wa mjomba wake, na Shaame anauvuta mkono, kwa sababu anajua kwamba yeye ndiye wa kuomba. Mkubwa kumwomba radhi mdogo si jambo lisilowahi kutokea, lakini ni gumu, na wote waliohudhuria watatazama chini. Mandhari haya yaandike kwa ufupi. Maneno yasizidi mistari michache, na ukweli wa kijito usemwe kwa lugha ya ripoti ya kijeshi, saa, maji, majahazi na majina, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo Shaame angelipaswa kuitumia siku ile mbele ya baraza.

Je, mzee afe baadaye? Si lazima. Kifo cha mlezi kimezoeleka mno hata msomaji hukihesabia siku tangu mzee anapoingia. Afadhali umwache hai, ukampe jambo gumu zaidi: kusimama katika baraza la mtawala akatoa ushahidi dhidi ya shemeji yake na dhidi ya nafsi yake, huku mpwa wake akisikiliza kutoka mlangoni, ule mlango wa mbele.

Hatua ya kumi: kupitia rasimu

Ukimaliza rasimu, iache kwa muda, kisha ipitie kwa kalamu ya rangi nyingine. Tia mstari chini ya kila sentensi ambayo jemadari anaisema na ambayo ingeweza kubandikwa ukutani. Nyingi zifute, na zinazobaki wape wahusika wengine. Pitia namna wanavyoitana, uhakikishe kwamba "mjomba" haijageuka "mwanangu" au "kijana" kwa kusahau. Soma mazungumzo kwa sauti mbele ya mtu mzima wa kwenu, na pale atakapokukatiza kwa kusema "hivi hatusemi", usimbishie. Muulize angesema vipi, na uandike alivyosema.

Kazi ya mwisho ni ya karatasi na rula. Chora kalenda ya mwezi ya riwaya nzima, tangu siku Kombo anapofika shamba mpaka siku ya ushahidi, na kwa kila safari ya baharini andika saa ya kujaa na saa ya kupwa. Wasomaji wako ni watu wa visiwa na watakukamata. Ukikuta kwamba mtu ameondoka kwa jahazi saa nne asubuhi ya mwezi mpevu kutoka kwenye kijito cha mikoko, msogeze aondoke alfajiri, au mtafutie bandari nyingine.